Cheo na Upande wa Alama

Msomaji, hapana mkutano wa watu uendao vema bila ya kujulikana nani asemaye kwanza na nani amfuataye. Arusini, matangani na barazani, iko taratibu ambayo aghalabu haikuandikwa popote, lakini kila mwenyeji aijua, na mgeni asiyeijua hutambulikana mara. Mambo ni hayo hayo katika mkutano wa alama. Alama za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya zikaapo katika mstari mmoja, nazo zina wakubwa na wadogo wao. Nataka kusema nawe juu ya cheo cha alama, na juu ya wajibu wa mtu aundaye alama mpya; kwani zama zetu zimempa hata kijana wa shule uwezo wa kuziunda katika kompyuta, na uwezo usiofuatana na adabu huzaa hasara.

Tuanze na jambo ulijualo. 2 + 3 × 4 ni ngapi? Mtu asomaye hesabu kama asomavyo barua, kutoka kushoto kwenda kulia, atajumlisha kwanza apate 5, kisha atazidisha kwa 4 apate 20. Mwalimu atamkosoa na kumwambia kuwa jawabu ni 14. Kwa nini? Si kwa sababu kuzidisha kuna nguvu ya asili, kama nguvu ya maji yateremkayo mlimani. Ni kwa sababu watu wa hesabu walipatana kuwa kuzidisha kutangulie kujumlisha. Alama zote ni mapatano. Hata vile vijistari viwili vya kuonyesha usawa vina mwanzo wake: Robert Recorde, mtu wa Wales, alivitia katika kitabu chake cha mwaka 1557, akiwa amechoka kurudia maneno yale yale kila mara. Mapatano yaliyo mazuri huzoeleka hata yakadhaniwa kuwa ni maumbile.

Watoto wa Tanzania hukariri mapatano haya kwa neno MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Sisi wa Kenya tumelelewa na neno BODMAS, lenye kazi ile ile. Maneno hayo ni mazuri, lakini yana mtego ndani yake. Chukua 10 − 4 + 3. Aliyeshika neno akaacha maana atasema: kujumlisha kumetajwa kabla ya kutoa, basi 4 na 3 ni 7, na 10 toa 7 ni 3. Amekosa. Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa cheo kimoja, kadhalika kugawanya na kuzidisha; na ndugu wa cheo kimoja wakikutana, aliye kushoto hutangulia. Basi 10 toa 4 ni 6, na 6 ongeza 3 ni 9.

Hapo waona kuwa kila alama yataka kujulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni cheo: ikikutana na alama nyingine, ipi itashika jirani zake kwanza? La pili ni upande: zikikutana alama za cheo kimoja, tuanze kushoto au kulia? Wala usidhani kuwa kushoto hushinda daima. Vipeo huanza kulia. Ukiandika 2 kwa kipeo cha 3, na hiyo 3 nayo ina kipeo cha 2 juu yake, hesabu huanza juu: 3 mara 3 ni 9, na 2 kwa kipeo cha 9 ni 512. Angeanza kushoto mtu angepata 64. Tarakimu ni zile zile, majawabu ni mbali mbali.

Fumbo hili si la hesabu peke yake. Lugha yetu inalo, na dawa yake inayo. Nikiandika "kitabu cha mwalimu kipya", wajua mara moja kuwa upya ni wa kitabu. Nikiandika "kitabu cha mwalimu mpya", upya ni wa mwalimu. Kiambishi kidogo kimelishika neno mkono na kulipeleka kwa mwenyewe. Viambishi vya upatanisho ndivyo mabano ya Kiswahili. Lakini jaribu "kanzu ya mwalimu mpya". Kanzu huwa mpya, na mwalimu huwa mpya. Neno ni moja kwa ngeli zote mbili. Mabano yamepotea, na msomaji amebaki njia panda: kanzu ndiyo iliyotoka dukani jana, au mwalimu ndiye mgeni shuleni? Mwandishi mwema hubadili mpango wa maneno akasema "kanzu mpya ya mwalimu". Mwandishi mvivu husema, "Mimi najua nilivyokusudia." Lakini msomaji hasomi moyo wa mwandishi, husoma karatasi.

Sasa tuje katika lugha za kompyuta. Nyingi katika hizo hukupa alama zilizokwisha kuwekwa, nawe huna ruhusa ya kuongeza. Lakini ziko zilizofungua mlango. ALGOL 68 ilimruhusu mwandishi wa programu kuunda alama na kuitangazia cheo, toka 1 mpaka 9. Prolog, iliyozaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, ina ngazi toka 1 mpaka 1200, na huko mambo yamepinduliwa: namba ndogo ndiyo ishikayo kwa nguvu zaidi. Haskell, iliyotangazwa mwaka 1990, ina vyeo toka 0 mpaka 9, na kubwa ndiyo yenye nguvu. Kujumlisha na kutoa zina cheo cha 6, kuzidisha 7, vipeo 8. Swift, tangu mwaka 2016, imeacha namba kabisa: mwandishi husema tu kuwa kundi hili la alama liko juu ya lile, na makundi mawili yasiyopangwa yakikutana pasipo mabano, kompyuta hukataa kuyasoma.

Katika Haskell, matangazo yenyewe ni mstari mmoja mfupi, kama huu: infixl 6 -%. Herufi l yasema tuanze kushoto; ingalikuwa r tungalianza kulia; na pasipo herufi yoyote, alama hairuhusiwi kufuatana na mwenziwe wa cheo hicho. Namba ni cheo. Mwisho ni alama yenyewe. Mstari huo si mrefu kuliko jina la mtu. Lakini asipouandika mtu, lugha haimwulizi. Humpa alama yake cheo cha 9, upande wa kushoto, yaani cheo kilicho juu ya vyote. Hili nitakueleza lilivyotukia kwetu.

Kwetu ni Naro Moru, mji mdogo ulio kati ya Nyeri na Nanyuki, chini ya mlima upande wa magharibi. Kikundi kimoja cha wauza maziwa, ambacho sitakitaja, kilikuwa na programu ya kuhesabia malipo ya wanachama. Aliyeiandika alikuwa kijana hodari, aliyekwisha kwenda zake mjini kutafuta kazi. Kwa kuwa kikundi kilikata asilimia kumi ya mapato kwa ajili ya mfuko wa pamoja, kijana aliunda alama yake mwenyewe, -%, maana yake "punguza kwa asilimia". 5,000 -% 10 ni 4,500. Alama nzuri, fupi, yenye kupendeza macho.

Chukua mwanachama mmoja. Maziwa yake ni shilingi 4,000. Nyongeza ya maziwa mazuri ni 1,000. Mfuko wakata asilimia 10. Na mkopo wa chakula cha ng'ombe ni 300. Kijana aliandika 4,000 + 1,000 -% 10 − 300. Alikusudia kuwa mapato yajumlishwe kwanza, yawe 5,000. Yakatwe asilimia kumi, yawe 4,500. Kisha mkopo utolewe, zibaki 4,200. Lakini hakuitangazia alama yake cheo. Kompyuta ikaipa 9. Ikashika jirani zake kwanza, 1,000 na 10, ikapata 900. Kisha 4,000 ongeza 900, toa 300: shilingi 4,600. Mwanachama alizidishiwa 400, na mfuko, uliostahili 500, ukapata 100.

Zamani, wakati hapakuwa na nyongeza, mstari ule haukuwa na alama ya kujumlisha, na hesabu zilikuwa sawa. Kosa lililala kama nyoka chini ya jiwe. Siku ilipoanzishwa nyongeza, liliamka. Wanachama walipokea fedha katika simu zao, nani angelalamika kwa kuzidishiwa? Baada ya miezi michache mfuko ulikuwa na pengo la zaidi ya shilingi 20,000, na macho ya watu yakamgeukia mweka hazina, mama mjane aliyeaminiwa kwa miaka mingi.

Aliniletea daftari lake, ambalo aliandika hesabu kwa mkono wake kila mwezi, pamoja na karatasi zilizotoka katika kompyuta. Aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Mwalimu, kompyuta haina mkono wa kuiba, na mimi ninao, ndiyo maana naulizwa mimi."

Tulikaa na karatasi hizo jioni mbili. Daftari lilikuwa sahihi toka mwanzo mpaka mwisho. Tukalinganisha miezi isiyo na nyongeza, tukaona hesabu zimekubaliana. Tukalinganisha yenye nyongeza, tukaona zimeachana, na kila tofauti ilikuwa sawasawa na asilimia kumi ya maziwa yenyewe. Basi ilijulikana wapi pa kutazama. Niliufungua ukurasa wa programu, nikaona alama imeundwa, imeelezwa kazi yake, na cheo haikupewa. Mstari mmoja uliongezwa juu ya ukurasa, na majawabu ya kompyuta yakawa ndugu wa majawabu ya daftari. Mkutano uliitishwa, hesabu ya mwanachama mmoja ikaandikwa ubaoni kwa njia zote mbili, na mzee mmoja aliyeacha shule darasa la nne akaielewa kabla ya wengi. "Kumbe," alisema, "mfuko ulikula nyongeza tu, ukasahau maziwa." Mama yule aliombwa radhi mbele ya watu. Lakini miezi aliyoitwa mwizi kwa minong'ono, nani awezaye kumrudishia?

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Mwandishi wa programu huwa hayupo pale isomwapo. Ameajiriwa kwingine, au amesahau, au amekufa. Kusudi lake likibaki moyoni mwake, limekwenda naye. Lililo katika ukurasa ndilo pekee lililobaki kumsemea. Kijana yule hakuwa mwizi, wala hakuwa mjinga. Alijua hesabu kuliko wengi wetu. Alichokosa ni kumkumbuka mtu ajaye baada yake.

Na hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka ulishike, msomaji. Cheo kisichotangazwa na mwenyewe hakikosi kuwapo. Hutangazwa na mwingine. Sisi wa Naro Moru twalijua hili katika maji. Mto wetu huanza katika bonde la Teleki, chini ya vilele vya Mlima Kenya, hupita msituni na mashambani, ukaenda kuingia Ewaso Ng'iro. Kieni yetu ni nchi ya mvua chache, na wakati wa kiangazi maji ya mto hutakiwa na wengi kuliko yawezavyo kutosha. Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2002, na ile ya 2016 iliyoshika mahali pake, zimeyapa matumizi ya nyumbani nafasi ya mbele ya matumizi mengine. Maji ya sufuria hutangulia maji ya vitunguu. Hicho ni cheo. Lakini mashamba mawili ya vitunguu yaliyo sawa kwa cheo, lipi litangulie? Mto wenyewe ukiachwa hujibu: lililo juu. Aliye chini hupata masalio, au hupata mchanga. Ndiyo sababu wakulima wa mito iingiayo Ewaso Ng'iro wameunda vyama vya watumiaji wa maji na kupatana zamu. Wamekataa kuuachia mteremko uamue upande.

Mteremko hauna nia mbaya, wala kompyuta haina. Lakini vyote viwili havimjui mjane wala yatima. Pasipo agizo la mtu, vyote hufuata desturi yao.

Turudi katika alama yetu, tuutazame upande, maana mfano wa kikundi ulionyesha cheo zaidi. Tuseme kikundi chakata asilimia 10 kwa mfuko, kisha asilimia 10 ya kilichobaki kwa daktari wa mifugo. Waandika 5,000 -% 10 -% 10. Ukianza kushoto, 5,000 huwa 4,500, na 4,500 huwa 4,050. Ukianza kulia, 10 hupunguzwa asilimia kumi ikawa 9, na 5,000 hupunguzwa asilimia 9 ikawa 4,550. Tofauti ni shilingi 500, na jawabu la pili halina maana kwa mtu yeyote aliye hai. Basi alama hii ni ya kushoto. Ziko nyingine zifaazo kulia, kama kipeo. Na ziko zisizofaa kufuatana kabisa, kama alama ya kuulizia usawa, ambayo Haskell huikataza kujipanga mara mbili katika mstari mmoja. Kukataa nako ni jawabu. Afadhali kompyuta iseme, "Sielewi, fafanua," kuliko kutoa namba nzuri ya uongo.

Watu wengine waliuona ugumu huu wakataka kuung'oa na mizizi. Kenneth Iverson, ambaye kitabu chake cha mwaka 1962 kiliizaa lugha ya APL, alizipa alama zote cheo kimoja, na husomwa kutoka kulia. Huko 10 − 4 − 3 ni 9, wala si 3. Katika Smalltalk alama za hesabu zote ni sawa pia, lakini husomwa kutoka kushoto, na 2 + 3 × 4 yetu huwa 20. John McCarthy, katika Lisp, aliacha kila tendo likae ndani ya mabano yake, hata swali lisizuke. Kila njia ina werevu wake. Lakini waona kuwa hata usawa kamili wa alama haukuondoa haja ya mapatano: bado palihitajiwa kusema tuanze upande gani.

Wala usidhani kuwa cheo kibaya husahihishwa kwa wepesi. Katika lugha ya C, alama & ilipewa cheo cha chini ya alama ==, ambayo huulizia usawa. Sababu yake ni ya kihistoria: lugha iliyotangulia C iliitumia & kwa kazi mbili, na ilipoundwa alama mpya ya && kuchukua kazi moja, & iliachwa mahali pake ili programu za zamani zisiharibike. Dennis Ritchie, mtungaji wa C, aliandika mwaka 1993 kuwa ingekuwa bora kuihamisha. Lakini wakati huo programu nyingi mno zilikuwa zimekwisha kuitegemea. Java na JavaScript ziliurithi mpango ule ule, na vijana wasiokuwa wamezaliwa siku hizo hujikwaa katika jiwe hilo hata leo. Huruma iliyofanyiwa wasomaji wachache wa jana imekuwa mzigo wa wasomaji wengi wa leo.

Basi, wewe kijana utakayeandika programu, ukitamani kuunda alama mpya, jiulize kwanza kama yahitajiwa. Neno la kawaida, kama punguzaAsilimia, lifuatwalo na vitu vyake ndani ya mabano, halina ugomvi wa cheo na mtu. Alama hustahili kuundwa iwapo itarudiwa mara nyingi na itarahisisha kusoma, si kwa kuwa yapendeza kama pambo. Ukiona yahitajiwa, itafutie jamaa zake: yafanana na kujumlisha au na kuzidisha? Ikae nao, ili mgeni akibahatisha abahatishe sawa. Kisha andika alama tatu za namna hiyo katika mstari mmoja, uhesabu kwa mkono toka kushoto na toka kulia, uone upande upi una maana. Na pasipo upande wenye maana, ikataze kufuatana. Na ukiwa na shaka hata kidogo, tia mabano. Mabano hayamshushii heshima mwandishi, kama taa haimshushii heshima mwenye nyumba ajuaye njia gizani. Huwashwa kwa ajili ya mgeni.

Fanya hayo yote siku ile ile uundapo alama, kabla ya kulala. Mstari wa kutangaza cheo huandikwa kwa muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu. Usipoandikwa, huenda mtu usiyemjua, katika mji usioufikiria, akaulizwa ziliko fedha ambazo hakuzigusa.